Maji ya Jibini la Masisi

Mfugaji wa Masisi, mashariki mwa Kongo, ambaye ng'ombe wake, vita vikimwachia, hushiba majani ya milimani, na ambaye maziwa yake hugeuka jibini liuzwalo hadi Goma, hana haja ya kuiga desturi ya kutia antibiotiki katika chakula cha mifugo ili inenepe upesi, desturi ambayo Uswidi iliiharamisha mwaka 1986 na Umoja wa Ulaya ukaikomesha tarehe 1 Januari 2006. Kwani kijidudu kilichoizoea dawa kidogo kidogo tumboni mwa kuku hakitaihofu kitakapokutana nayo mwilini mwa mgonjwa.

Badala ya dawa hiyo, kipo kitu alicho nacho tayari: maji yabakiayo baada ya maziwa kugandishwa (na kuyamwaga ni israfu iliyoje!) yana sukari ya maziwa, na yakichacha huwa na asidi ilisaidiayo tumbo la nguruwe.

Kuku wa Walikale, jirani ya Masisi, ama yeye, ahitaji banda kavu, maji safi na chanjo ya kideri kuliko unga wowote wa dawa wa dukani. Na kwa kuwa barabara ya kwenda huko haina huruma kwa sanduku la barafu, nadhani yafaa zaidi chanjo ya matone ya jicho iitwayo I-2, istahimiliyo joto, ambayo Tanzania huitengeneza.