Samaki Abebaye Taa Tumboni



Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika huwasha taa usiku ili samaki waifuate nuru na kuingia wavuni. Lakini katika Bahari ya Omani na Bahari ya Arabuni yuko samaki mdogo abebaye taa zake mwenyewe, naye huziwasha kwa sababu iliyo kinyume: ili asionekane. Wataalamu humwita Benthosema pterotum. Urefu wake haupiti sentimita 7 hivi, na maisha yake ni kama mwaka 1 tu.

Mchana hujificha kilindini, yapata mita 200 hadi 300. Huko mwangaza wa jua ni hafifu, lakini haujatoweka. Adui aliye chini akitazama juu huona kivuli cha kila kipitacho. Ndipo faida ya taa ionekanapo. Tumboni na ubavuni mwa samaki huyu vimepangwa viungo vidogo vitoavyo nuru isiyounguza, mfano wa ile ya kimulimuli. Nuru hiyo hulinganishwa na mwangaza ushukao kutoka juu, na kivuli kikapotea.

Jua likizama, samaki hawa hupanda makundi kwa makundi kutafuta vijidudu vya baharini. Alfajiri hurudi chini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliokuwa wakipima bahari kwa mwangwi walikuta kama sakafu, lakini sakafu hiyo ilipanda usiku na kushuka mchana. Kumbe walikuwa viumbe hai, na jamaa za samaki huyu wakiwa miongoni mwao.

Jodari, ngisi na pomboo huwala samaki wa jamaa hii. Hata hivyo, tangu meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen ilipoanza kuipima Bahari ya Arabuni mwaka 1975, wingi wao umewatia watu tamaa, si kwa kitoweo, bali kwa kuwasaga unga wa kulishia mifugo na kuwakamua mafuta. Hapo ndipo pana haja ya busara. Atakayewakumba kwa pupa atamnyang'anya jodari chakula chake, na mvuvi wa jodari riziki yake.

Basi mwenye kutaka bahari iendelee kumlisha, na awahesabu kwanza walio wadogo, kabla ya kutupa wavu.