Uvimbe Ukitolewa, Upimwe

Msikilizaji, huku kwetu Dodoma mwanamke akilalamika maumivu chini ya kitovu huambiwa ana chango. Mwanaume huambiwa ni ngiri. Minadani, kuanzia Kibaigwa hadi Kondoa, vipaza sauti vya wauza dawa vinaahidi kuyeyusha uvimbe wa kila aina.

Ni kweli, uvimbe mwingi wa nyonga kwa wanawake ni faibroidi au vifuko vya maji kwenye ovari, wala si saratani. Lakini mazoea ya kuona kila uvimbe ni wa kawaida ndiyo yanayouficha ule uvimbe adimu.

Upo mmoja uitwao angiomiksoma kali, ulioelezwa na wataalamu mwaka 1983. Huwapata zaidi wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ni laini, mwanzoni hauumi, na ukichomoza sehemu za siri hudhaniwa kuwa jipu au ngiri. Daktari akikata kinachoonekana tu, sehemu iliyojichimbia ndani hubaki, na miaka ikipita uvimbe hurudi.

Kwa hiyo, kabla ya kisu, ipigwe picha ya CT au MRI ijulikane kama uvimbe umegusa kibofu, utumbo au mishipa mikubwa ya damu. Kisha bingwa wa upasuaji, wa magonjwa ya wanawake, wa njia ya mkojo na wa usingizi wapange pamoja, na damu iwe tayari.

Kwa huduma za kibingwa, Dodoma si ile ya zamani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa mwaka 2015, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018. Anayehitaji kufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, tangu 2024 ana treni ya SGR.

Hata hivyo, upasuaji ukiisha ndugu huambiwa "tumeutoa", wakamshukuru Mungu, wakaondoka. Hapo kazi imefika nusu. Aina ya uvimbe haitambuliki kwa macho. Hutambuliwa kwa darubini ya mtaalamu wa patholojia.

Na kuhusu gharama za kipimo hicho, tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Wanaoitekeleza wahakikishe kinyama kilichotolewa Mpwapwa au Chemba kinafika maabara bila familia kuuza mbuzi.

Nawe msikilizaji, ukifanyiwa upasuaji, uliza: kinyama kimepelekwa wapi, na majibu ni lini? Yafuate, yatunze, na kliniki usiikose.