Kimbunga Bado Hakijafika Dukani

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuchukua mpaka Havana, mji mkuu wa Cuba, tuingie pamoja katika duka la biri. Ukisikia biri usifikirie sigara za pakiti. Nasema zile nene za jani tupu, alizozoeleka nazo Fidel Castro katika picha kabla hajaacha kuvuta mwaka 1985. Mimi mwenyewe sivuti. Lakini baba yangu ni mkulima wa tumbaku huko Urambo, mkoani Tabora, na aliposikia kwamba naenda Cuba kwenye semina ya watangazaji alinipa agizo moja tu: "Niletee hiyo wanayovuta wakubwa, niione."

Ilikuwa Oktoba 2022. Wiki tatu kabla ya hapo, tarehe 27 Septemba, kimbunga kilichopewa jina la Ian kiliupiga mkoa wa Pinar del Río, magharibi ya kisiwa, kwa upepo wa kasi ya kilomita 200 hivi kwa saa. Siku hiyohiyo umeme ulikatika nchi nzima, watu milioni 11 wakalala gizani. Siku chache baadaye wakazi wa Havana walitoka mitaani wakigonga masufuria kudai umeme. Nilipofika mimi ulikuwa umerudi, lakini wa kuja na kuondoka. Kwa hilo, msikilizaji, sikujiona mgeni hata kidogo.

Sasa, Pinar del Río ndiko kunakotoka sehemu kubwa ya tumbaku ya Cuba, na lile jani linalosifiwa kuliko yote hulimwa huko, katika wilaya za San Luis na San Juan y Martínez. Ian alipita juu ya eneo hilo. Maelfu ya mabani ya kukaushia yalianguka. Hata shamba la ukoo wa Robaina, ambao mzee wao Alejandro, aliyefariki mwaka 2010, biri za serikali zilipewa jina lake, lilibomolewa vibaya.

Kwa hiyo nilikwenda dukani nikitazamia kukuta msiba. Nikakuta sakafu inang'aa. Jenereta ilikuwa ikinguruma uani, na ndani kulikuwa na chumba kilichojengewa rafu za mwerezi, chenye ubaridi na harufu ambayo kwangu ilikuwa harufu ya nyumbani kabisa. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinieleza kwamba giza lile lilimtia hofu kwa sababu ya mdudu. Joto likizidi nyuzi 25 hivi, mayai ya mdudu wa tumbaku yaliyojificha ndani ya jani huanguliwa, naye hutoboa biri kama bungo anavyotoboa mahindi. Basi siku zile waliufunga mlango wa chumba kile, hakuna kuufungua hata kwa mteja.

Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu na chake, vyote vya kuombea maji, kama kimbunga kilikuwa kimepandisha bei. Akacheka.

"Kimbunga bado hakijafika hapa," akasema. "Kitafika baada ya miaka miwili, mitatu."

Mtoto wa mkulima nilipaswa kulijua hilo. Jani la Cuba hupandwa kuanzia Oktoba, likachumwa kuanzia Januari, likaning'inizwa banini siku 50 hivi likauke kwa hewa tu, bila moto. Halafu huchachushwa, huchambuliwa, hulazwa ghalani mwaka hata miaka, ndipo lifike mikononi mwa msokotaji. Zile nilizokuwa nazitazama zilitokana na mvua na jua la miaka iliyokwisha kusahauliwa. Rafu zilizokuwa tupu, na hazikuwa chache, zilikuwa tupu kwa sababu za zamani: uhaba wa tangu siku za korona.

Palikuwa na wageni wawili, wazungu, wakinunua kasha juu ya kasha. Walikuwa wamesikia habari za Ian na wakapiga hesabu kwamba mali itaadimika. Sikuwachukia, ni biashara. Ila niliwaza kwamba kati yetu sote mle dukani, kimbunga kilikuwa kimeshampa mtu faida kabla hakijafika, na mtu huyo hakuwa mwenye bani.

Mwenye bani nalijua jambo lake. Kwetu Urambo tumbaku ya mvuke inakaushwa kwa kuni, na nimelala utotoni mwangu usiku mwingi mlangoni mwa bani nikichochea moto kwa zamu na kaka zangu. Mwaka mmoja upepo uliliezua la jirani yetu. Mazao yake hayakuwa yamepotea, yalikuwa bado yamesimama shambani, mabichi, mazuri. Lakini tumbaku mbichi isiyo na bani ni majani tu. Alitazama yakiiva na kunyauka hukohuko.

Nilinunua biri moja. Sitakutajia bei, kwa kuwa mke wangu husikiliza kipindi hiki.

Wakati anaifunga katika karatasi, yule mama alisema kaka yake analima huko San Luis na kwamba bani lake limelala chini. Alilisema hivyo tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nikampa pole. Akaitikia, akanihesabia chenji.

Desemba nilikwenda Urambo. Baba aliipokea biri kwa mikono miwili, akainusa, kisha akachukua kisu. Nikapiga kelele. Hakunisikiliza. Aliipasua kwa urefu, akalikunjua jani la nje taratibu, akalinyanyua kwenye mwanga wa dirisha na kupitisha kidole gumba juu ya mishipa yake. "Hawa wanajua kazi," akasema. Kisha nikamsimulia habari za kimbunga na za yule kaka wa San Luis.

Aliniuliza maswali mawili. Bani lake lilikuwa la miti au la matofali? Na msimu huo, amepanda au hakupanda?

Nina miaka 20 katika kazi ya kuuliza maswali, ndugu msikilizaji. Yule mama alisimama mbele yangu, nami nilikuwa nahesabu chenji.