Anwani Iliyo Wazi: Seva Zetu na Mashambulizi Yasiyopitia Mlangoni
Mhadhara wa umma, Eldoret



Mwishoni mwa Julai 2023 Wakenya walijaribu kuingia eCitizen ikakataa kufunguka. Mfumo huo ulikuwa umeshabeba huduma za serikali zaidi ya 5,000. Wanunuzi wa tokeni za umeme walikwama, wasafiri wa treni ya Madaraka Express walikwama, na wageni walioshindwa kuomba viza mtandaoni ikabidi wapewe walipowasili. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika. Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Dijitali wa wakati huo, Eliud Owalo, alithibitisha kuwa tumeshambuliwa, akaongeza kwamba hakuna data iliyopotea.

Kauli hiyo iliwatuliza wengi. Mimi naona haikutosha. Rekodi iliyo salama lakini haifikiki haimsaidii mtu anayeihitaji saa hiyo. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani waliweka hadharani mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan, wakidaiwa kuliendesha kundi hilo na kutumia zana iliyofanya mashambulizi zaidi ya 35,000 ya kuzifurikisha seva kwa maombi hadi zishindwe kujibu. Miongoni mwa walioshambuliwa ni hospitali ya Cedars-Sinai, Los Angeles, iliyolazimika kuwaelekeza wagonjwa wa dharura kwingine.

Nataja hospitali kwa sababu tuko Eldoret. OpenMRS, programu ya rekodi za wagonjwa inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza kubuniwa 2004 kutokana na mahitaji ya AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na vyuo vya Amerika Kaskazini vikiongozwa na Indiana. Ilianza kutumika hapa 2006. Mji uliosaidia kuufundisha ulimwengu kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta hauna budi kujua pia namna ya kuziweka mahali zinapofikika.

Sasa nieleze tatizo lenyewe. Taasisi nyingi zikishashambuliwa hununua kinga ya kukaa mbele ya tovuti: kampuni yenye seva nyingi duniani hupokea maombi yote, huchuja, kisha hupeleka yaliyo halali kwenye seva halisi. Mgeni akiuliza jina la tovuti huonyeshwa anwani ya kinga. Lakini seva halisi bado ina anwani yake ya IP, na mshambuliaji akiijua hana haja ya kupita kwenye kinga. Ni sawa na kuajiri bawabu getini huku ua wa nyuma umeanguka.

Je, ataijuaje? Kwa urahisi unaotisha. Kumbukumbu za zamani za majina ya tovuti huhifadhiwa na wengine, na anwani iliyotumika kabla ya kinga haifutiki humo. Seva ikituma barua pepe yenyewe, huandika anwani yake kwenye vichwa vya barua. Jina dogo la majaribio, ambalo fundi alilisahau, huelekeza moja kwa moja nyumbani. Hata bila dalili hizo, anwani zote za IPv4 hazizidi bilioni 4.3, na tangu 2013 programu ya ZMap ya Chuo Kikuu cha Michigan imeweza kuzipitia zote kwa mlango (port) mmoja chini ya saa moja, kwa kompyuta moja yenye laini nzuri.

Kwa hiyo kuificha anwani peke yake si ulinzi. Baada ya kuweka kinga, omba anwani mpya, kwa maana ile ya zamani imeshajulikana. Kisha ifunge: faiwoli ikubali maombi ya wavuti kutoka anwani za kinga tu, na mlango wa wasimamizi upitie VPN. Funga na anwani ya IPv6 ya seva hiyo. Mafundi wengi huziba IPv4 wakaisahau hii. Barua pepe zitoke kwenye seva nyingine. Bora zaidi, seva yenyewe ianzishe njia ya siri kwenda kwa kinga, isiache mlango wowote ukisikiliza nje. Halafu jaribu: ukiwa nje ya mtandao wenu, iombe seva ukurasa kwa anwani yake. Ikijibu, kazi haijaisha.

Hata hivyo faiwoli ina mpaka wake, na hapa ndipo wakuu wa taasisi hupotoshwa. Laini ya gigabiti 1 haiwezi kupitisha zaidi ya pakiti ndogo kama 1,488,000 kwa sekunde. Mshambuliaji akituma zaidi ya hapo, laini hujaa kabla faiwoli haijagusa chochote, na wanaoumia ni wote wanaotumia laini hiyo: maabara, bohari ya dawa, ofisi ya mapokezi. Mwaka 2018 GitHub ilipokea terabiti 1.35 kwa sekunde. Mzigo wa namna hiyo huzuiwa juu, kwa mtoa huduma wa intaneti, na makubaliano ya kuuzuia lazima yawe yameandikwa kabla ya siku ya shambulizi: nani apigiwe simu usiku, atachuja nini, kwa dakika ngapi.

Watoa huduma nao wana deni kwa umma. Mwongozo wa kuzuia pakiti zenye anwani bandia zisitoke kwenye mitandao yao umekuwepo tangu 2000. Asiyeufuata anawaachia wateja wake wawe silaha dhidi ya wengine. Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 humwadhibu mshambuliaji akipatikana, lakini haifungui tovuti iliyozimwa asubuhi ya leo.

Wanafunzi wangu, mtakapoajiriwa na kaunti, hospitali au chama cha wakulima, ulizeni wiki ya kwanza: anwani halisi ya seva yetu ni ipi, na nani mwingine anaweza kuifikia? Msikubali kuambiwa kwamba kinga imeshanunuliwa. Ombeni kuonyeshwa.