MALORI YA ZAMANI NA WATU WALIOYASUKUMA

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, Gatitu, Nyeri)



Nimeombwa niseme machache juu ya malori ya zamani ya Kiingereza. Najua wengine mnacheka kimoyomoyo: mtu wa reli kusifu lori! Lakini hapa Gatitu hatuwezi kuzitenga kazi hizi mbili. Reli ilipopanda kutoka Thika hata ikafika Nanyuki mwaka wa 1930, haikuingia mji wa Nyeri. Ilipita kando, na kituo kilichoitwa cha Nyeri ndicho hicho cha Kiganjo. Basi kila gunia la chumvi, kila bati la nyumba, kila debe la mafuta ya taa lililoshushwa Kiganjo lilimaliza safari yake juu ya mpira, kwa njia hii hii ya kwetu. Behewa bila lori lingekuwa ghala tu lililosimama juu ya vyuma.

Huko Uingereza wako watu wanaoyapenda malori haya kama wazee wetu walivyopenda ng'ombe. Hununua mzoga wa Leyland au Albion, wakaufufua, wakaupaka rangi, kisha wakafanya maandamano nao kutoka London mpaka Brighton. Katika mji wa Leyland kwenyewe lilifunguliwa jumba la makumbusho ya malori mwaka wa 1983. Wakikutana husimuliana habari za vilima, baridi na usiku wa njiani. Mimi siwacheki. Mtu aliyekaa nyuma ya usukani miaka ishirini ana haki ya kuukumbuka.

Lakini lori lile lile lilipofika kwetu lilikuwa jambo jingine. Mara nyingi lilikuja na injini, fremu na kichwa tu. Bodi ilitengenezwa hapa hapa kwa mbao na mafundi wetu, wengi wao Masingasinga, na Waafrika waliojifunza kwao. Bedford ndiyo iliyojulikana zaidi. Ilianza kuundwa huko Luton mwaka wa 1931, na wakati wa Vita vya Pili kiwanda hicho kilitoa malori kama 250,000 kwa jeshi. Yale ya baadaye, ya boneti ya mviringo, ndiyo yaliyobeba viazi, mbao za msituni, kahawa na magome ya miwati yaliyokwenda kiwandani Thika.

Sasa nisikilizeni juu ya taniboi, maana yeye ndiye hasa aliyenileta hapa.

Babu yangu alikuwa taniboi. Wengi husema jina hilo limetokana na kazi ya kuzungusha hendeli mbele ya rejeta ili injini iwake. Asubuhi ya baridi ya Nyeri hendeli hiyo si mchezo: injini ikirudisha nyuma, huvunja mkono. Babu alinionyesha jinsi kidole gumba kinavyolazwa upande mmoja na vile vingine, kisikumbatie chuma, ili hendeli ikigeuka ghafula ikuponyoke badala ya kukuvunja. Hakufundishwa hilo na kitabu.

Gari likiwaka, kazi ndiyo imeanza. Gia za zamani hazikupokea kwa upole. Dereva alikanyaga klachi mara mbili na kusikiliza sauti ya injini, na akiikosa gia kilimani lori lilisimama na kuanza kurudi nyuma pamoja na tani zake tano. Hapo taniboi aliruka chini na gogo mkononi, akalitia nyuma ya gurudumu. Akichelewa, ni lori bondeni. Akiteleza, ni mguu wake. Masika yalipofika na udongo mwekundu wa njia ya Othaya na Mukurweini ukawa kama sabuni, yeye ndiye aliyefunga minyororo kwenye matairi, akakata matawi ya kutandika, akasukuma. Rejeta ikichemka, ni yeye na debe mpaka mtoni. Usiku alilala juu ya turubai kulinda mzigo, dereva akilala ndani.

Kazi hiyo babu aliifanya miaka kumi na mmoja kwa mfanyabiashara mmoja ambaye sitamtaja. Siku alipoambiwa basi, hakupewa hata karatasi ya kusema kwamba aliwahi kuwako. Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi ulipoundwa mwaka wa 1965, jina lake halikuandikwa na tajiri yake. Alizeeka kwa shamba lake la ekari moja na nusu.

Tusidhani kwamba watu wetu hawakujaribu kujikomboa. Vita vilipokwisha mwaka wa 1945, maelfu walirudi wakiwa madereva hodari waliofundishwa jeshini. Wengi, hapa Nyeri pia, walichanga fedha zao za kuagwa wakanunua malori. Mengi yalikufa upesi. Vipuri vilikuwa ghali na njia mbaya, lakini tena kulikuwa na sheria ya leseni za uchukuzi ya mwaka 1937: bila leseni ya bodi huwezi kubeba mzigo wa mtu kwa malipo. Na sababu moja kubwa ya sheria ile, ndugu zangu, ilikuwa kuilinda reli. Tulijue hilo sisi tunaojivunia vyuma vyetu.

Wafanyakazi wa barabara nao walijipanga. Chama chao kiliongozwa na Fred Kubai, ambaye pamoja na Makhan Singh aliunda mwaka wa 1949 shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Mei 1950 wote wawili walikamatwa, na Nairobi ikagoma.

Liko jambo jingine ambalo wapenzi wa malori wa Uingereza hawalisimulii sana. Mtajie mama mzee wa hapa lori la miaka ya 1950, hatakuambia habari za gia. Aprili 1954 watu wetu walikusanywa Nairobi wakapakiwa malorini kama magunia, na kutoka hapo wengi walipelekwa Manyani na Mackinnon Road kwa mabehewa. Mabehewa hayo yalikuwa ya reli. Mwenye kuandika kumbukumbu na aandike zote.

Katika miaka ya 1970 Leyland ziliunganishwa Thika na Bedford Nairobi. Leo kiwanda kile cha Nairobi ni cha Isuzu, na huko Uingereza jina la Bedford limekwisha kwenye malori mapya. Reli yetu hii nayo ilizama katika majani miaka mingi mpaka ikafufuliwa mwaka wa 2020. Muda wote huo lori ndilo lililotulisha.

Injini zetu zina jumba lao Nairobi tangu 1971. Zile kubwa za Garratt, 34 kwa hesabu, zilipewa hata majina ya milima, na namba ya kila moja imeandikwa. Taniboi hana namba.

Kwa hiyo naomba tawi letu lianzishe daftari. Tuandike jina la mzee, lori alilolifanyia kazi, njia alizopita, mwaka alioanza na mwaka alioachishwa, na kama alipewa barua au hakupewa. Wapakiaji wa Kiganjo waingie pia, na mafundi wa bodi. Mwenye picha, kitambulisho au leseni ya zamani alete tunakili, tumrudishie siku hiyo hiyo. Katibu amekubali kulitunza daftari ofisini. Kwa wasioweza kutembea, tutakwenda sisi Jumapili baada ya ibada. Nahitaji watu wanne wenye mwandiko unaosomeka. Wanaokubali wanione hapa mbele kabla hatujanywa chai.