Mizani ya Ndege Ndogo ya Mashindano

(Mazungumzo yafuatayo yalitolewa mjini Kericho mbele ya vijana na wazazi wao.)



Nimeombwa niwaeleze habari za ndege hii ndogo iliyo mezani, jinsi ilivyoundwa na jinsi inavyosawazishwa kabla ya kurushwa. Bawa lake la kushoto ni jipya kuliko la kulia, kama mwonavyo kwa rangi. Sababu yake nitaitaja baadaye, ingawa si habari ya kujivunia.

Kuona ndege juu ya chai si jambo geni kwa watu wa Kericho. Wazee walio hapa huenda wakakumbuka kwamba kuanzia mwaka 1967 ndege zilirushwa juu ya mashamba haya zikitia mawinguni moshi wa fedha na iodini, ili mvua ya mawe isije ikapukutisha majani ya chai. Ndege zile zilikuwa na marubani ndani yake. Hii rubani wake husimama chini nyasini, naye huiamuru kwa mawimbi ya redio. Jambo hilo nalo si la jana. Katika mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo iliyotii amri bila waya, na mwaka 1937 ndugu wawili mapacha wa Marekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao ndogo iliyoongozwa kwa redio.

Ndege kama hizi hushindanishwa. Katika mashindano ya mataifa husimamishwa milingoti mitatu katika umbo la pembetatu nyembamba, na mzunguko mmoja ni kama mita 400. Ndege huzunguka mara kumi, yaani kilomita nne, na zile za daraja la juu humaliza kwa muda usiofika dakika moja. Yangu si ya daraja hilo, wala sitaki mdhani hivyo. Hata hivyo kanuni ya mizani ni ile ile kwa zote, kwa maana ndege ikatapo kona kwa mwendo mkali, kosa dogo lililofichika katika mwendo wa pole hujitokeza mara moja.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Bawa kutoka ncha hata ncha ni mita moja, na upana wake ni sentimita 20. Ndege nzima pamoja na betri ni gramu 900. Waundaji wengi hutumia mti mwepesi sana uitwao balsa, ambao asili yake ni Marekani ya Kusini, lakini mti huo ni ghali na kuupata ni taabu. Mimi nilitumia ile sponji nyeupe ngumu inayofungiwa vyombo vya umeme dukani, nikaipasua kwa waya wenye moto, nikatia uti wa mwanzi ndani yake, na juu nikabandika karatasi kwa gundi. Ubao wa kushikilia mota ni plaiwudi ya sanduku kuukuu la chai. Vijana hawayajui masanduku hayo, kwa kuwa siku hizi chai hupakiwa katika mifuko ya karatasi. Lakini waulizeni babu zenu, kwani katika nyumba nyingi yaligeuzwa kuwa makabati.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kwamba bawa lisipindike. Lilazeni juu ya kioo au meza iliyonyooka, mlitazame kwa jicho moja kutoka nyuma. Likiwa ncha moja imeinuka na nyingine imelala, ndege itapenda kujiviringisha upande mmoja, na mwendo ukizidi ndivyo itakavyozidi kukaidi. Kitu cha pili ni uzito wa mkia. Hapa wanafunzi wangu wote hukosea, nami nilikosea kabla yao. Mtu hujiambia, "Tone hili la gundi ni dogo, halina neno." Mkia uko mbali na bawa, na kila gramu huko nyuma hudai gramu mbili au tatu mbele ili kusawazishwa. Nunueni mizani ndogo ya jikoni, mpime kila kipande kabla ya kukibandika.

Lazima pia niseme neno juu ya hewa yetu. Kericho iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Kwa hiyo bawa lile lile lenye uzito ule ule halina budi kwenda kasi zaidi, karibu moja ya kumi, ndipo lielee. Mota ya umeme haikosi pumzi kama injini ya petroli, lakini pangaboi lake hushika hewa kidogo. Basi mtu akisoma katika kitabu cha Ulaya kwamba ndege ya namna hii hutupwa kwa mkono taratibu ikapaa, asidhani itakuwa hivyo hapa. Itupeni kwa nguvu, na pua isielekee mbinguni.

Nimefika kwenye mizani. Kazi yangu ya kila siku ni kufasiri maneno, na neno lililonisumbua zaidi katika vitabu vya ndege ni lile la mahali ambapo uzito wote wa kitu huwa kana kwamba umekusanyika. Nililitafuta katika kamusi, nisiridhike, mpaka nilipomwona mzee mmoja wa hapa akichonga mshale. Alipomaliza aliuweka juu ya kidole chake kimoja, akausogeza mpaka ukatulia. Ukatulia karibu na chuma, wala si katikati. Nikamwuliza, "Mzee, mbona hukuufanya utulie katikati?" Akanijibu kwamba mshale usio mzito mbele hugeuka hewani kama kijiti. Chuma hutangulia, manyoya hufuata na kuunyoosha. Basi mzee yule ambaye hakupata kushika kitabu cha ndege alikuwa amenieleza sura nzima.

Ndege ni mshale wenye mabawa. Uzito wake ukiwa mbele ya kutosha, upepo ukiinua pua, mkia huirudisha. Uzito ukienda nyuma mno, upepo ukiinua pua kidogo, ndege yenyewe huiinua zaidi, na kila amri ya rubani hufika imechelewa. Ndege iliyo nzito sana puani huruka vibaya, yataka kuvutwa juu daima, na hutua kwa kishindo. Lakini hurudi nyumbani. Iliyo nzito mkiani kwa kawaida hairudi.

Hesabu yake si ngumu. Pimeni upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hata wa nyuma. Bawa langu ni sentimita 20, na robo yake ni 5. Kwa bawa lililonyooka kama hili, alama ya robo ni mahali pa salama pa kuanzia. Tieni alama chini ya kila bawa, sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele. Kisha wekeni kila kitu mahali pake, betri, kipokezi cha redio, vimota vidogo vinavyovuta usukani, hata kifuniko na misumari yake. Inueni ndege kwa ncha za vidole viwili penye zile alama. Ikilala sawa, au pua ikishuka kidogo sana, ni vema. Mkia ukishuka, sogezeni betri mbele. Msianze kwa kuongeza risasi, maana kila gramu ya bure ni mzigo ambao mota itaubeba katika mizunguko yote kumi. Risasi ni dawa ya mwisho, betri ikiwa haina tena mahali pa kwenda.

Baada ya hapo ishikeni puani na mkiani, mtazame kama bawa moja ni zito kuliko jingine. Likiwapo zito, bandikeni kipande kidogo cha risasi au sarafu katika ncha ya lile jepesi. Mwisho litoeni pangaboi, mlipitishe katika msumari laini, mlitazame linavyosimama. Ubao ule ule ukishuka kila mara, usugueni kidogo kwa karatasi ya msasa upande wa nyuma, wala si kwenye ukingo wake. Pangaboi huzunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika, na tofauti ndogo hutikisa ndege nzima mpaka nyuzi za umeme zikalegea.

Sasa nieleze habari ya bawa jipya.

Jumamosi moja niliwaahidi vijana kuwaonyesha ndege ikiruka. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, nao walinisubiri chini ya paa la kibanda cha kupimia majani ya chai. Juma lililopita nilikuwa nimetengeneza mkia uliovunjika, nikautia gundi na vijiti. Tena betri yangu ya kawaida ilikuwa imechoka, nikatia nyingine ndogo zaidi. Mvua iliponyamaza, vijana wakashangilia, nami nikaona haya kusema, "Ngojeni kwanza nipime." Kuipima ndege kwa vidole viwili si kazi ya dakika moja. Sikuipima.

Ilipaa vizuri kwa mita chache. Kisha pua ikainuka, ikazidi kuinuka, nami nikasukuma usukani mbele bila kupata jibu. Ikasimama wima, ikaanguka upande wa kushoto, ikashika mwendo tena, ikaelekea bondeni. Kule walikuwako kina mama watano wakichuma chai, vikapu mgongoni, migongo yao imetuelekea. Nilikata mota. Hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa siku ile. Ndege ikaingia katika michai, nikapiga kelele nikikimbia.

Ilianguka hatua nane kutoka kwa mama mmoja mtu mzima. Nilipofika alikuwa ameisimamia akiitazama. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, chombo chako hiki kina macho?"

Nikasema, "Hapana, mama. Nisamehe."

"Basi yako yalikuwa wapi?"

Sikuwa na neno la kumjibu. Wenzake walicheka, lakini yeye hakucheka, wala hakunikemea. Alinisaidia kuokota vipande, kisha akarudi katika mstari wake. Pangaboi lililokuwa likizunguka nukta chache kabla ya hapo lingeweza kumkata mtu uso. Tangu siku ile sijarusha ndege kuelekea mahali penye watu wanaofanya kazi, hata kama wako mbali.

Usiku nilipiga hesabu ambayo ilinipasa kuipiga asubuhi. Betri mpya ilikuwa pungufu kwa gramu 60, nayo hukaa sentimita 18 mbele ya mahali pa mizani. 60 mara 18 ni 1,080. Gundi na vijiti vya mkia vilikuwa gramu 15, sentimita 50 nyuma. 15 mara 50 ni 750. Jumla yake ni 1,830. Gawanyeni kwa uzito wa ndege siku ile, gramu 855, mtaona kwamba mizani ilirudi nyuma zaidi ya sentimita 2. Kutoka 5 ikaenda zaidi ya 7. Tazameni tena, gramu 15 za mkiani zilifanya zaidi ya theluthi mbili ya madhara yaliyofanywa na gramu 60 za mbele.

Kwa hiyo kila jambo libadilishwapo, betri, mkia, rangi, au hata kifuniko, ndege hupimwa upya kana kwamba haijapata kuruka. Hapo ndipo nisipokubali udhuru wa mwanafunzi yeyote.

Yamebaki machache. Hapa kwetu rusheni asubuhi, kwa sababu mawingu ya upande wa ziwa hufika mchana na upepo wake ni wa ghafula. Kabla ya kurusha, mtu mmoja aishike ndege, mwingine aende mbali na chombo cha redio, mhakikishe kwamba usukani unatii. Pangeni chombo hicho hivi kwamba mawimbi yakikatika mota izimike yenyewe. Betri ya lithiamu iliyoanguka isirudishwe ndani ya nyumba siku ile ile, kwa maana huweza kuwaka baadaye ikiwa haina dalili yoyote. Na kabla ya yote hayo, mpate ruhusa ya mwenye kiwanja, tena mwulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga juu ya masharti, kwa kuwa Kenya iliweka kanuni za vyombo visivyo na rubani mwaka 2020. Tuna kiwanja cha ndege kule Kerenga. Msirushe karibu nacho, maana rubani wa ndege ya watu hawezi kuiona yenu.

Mvua naona imekatika, na muda wangu umekwisha. Alama za karatasi nyekundu ziko chini ya mabawa. Nimeitoa betri katika mahali pake na kuisogeza, wala sitawaambia nimeisogeza mbele au nyuma. Naomba kijana mmoja aje hapa mezani, aiinue kwa vidole viwili, atuambie kama ndege hii yafaa kurushwa leo.