Hadibodi na Rangi ya Baiskeli

Uchoraji wa Tingatinga ulianza Dar es Salaam mwaka 1968, ukiwa kazi ya mtu mmoja, Edward Saidi Tingatinga, na vifaa vyake vilikuwa vya fundi ujenzi na fundi baiskeli. Alichorea juu ya hadibodi, ule ubao mwembamba wa kupigia dari. Rangi ilikuwa ya mafuta, yenye kung'aa, iliyouzwa katika vikopo vidogo kwa ajili ya baiskeli zilizochubuka. Hivi ni vitu vya madukani Kariakoo, mtaa wa biashara wa jiji, si vya duka la wasanii. Wauzaji wa leo huwaambia watalii kwamba hii ni sanaa ya kale ya vijijini. Si kweli. Ni sanaa ya mjini, na umri wake ni mdogo kuliko Uhuru wa Tanganyika.

Tingatinga alitokea Tunduru, kusini mwa nchi, akapitia mashamba ya mkonge ya Tanga, akaingia Dar es Salaam katika miaka ya 1950 na kufanya kazi za nyumbani kwa Wazungu. Kabla hajaanza kuchora, wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakiuza picha zao jijini, na inaaminika kwamba kwao ndiko alikoona kuwa picha zinaweza kumlisha mtu. Soko lake lilikuwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni walifuata mahitaji yao. Baadaye alipata ajira katika hospitali ya Muhimbili, lakini brashi hakuiweka chini.

Mtindo wake ulitokana kwa kiasi kikubwa na hadibodi ile na rangi ile ya baiskeli. Ubao mzima wa hadibodi una futi 4 kwa 8. Ukikatwa futi 2 kwa 2 hutoa vipande 8 bila kubakiza hata chembe, na picha nyingi za mwanzo zina kipimo hicho, yaani sentimita 60 hivi kila upande. Ndani ya mraba huo alikaa mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, akionekana kwa ubavu na kujaza karibu nafasi yote. Rangi ya mafuta nayo ina masharti yake. Ikiguswa kabla ya kukauka inaburutika na kuchafua jirani yake, kwa hiyo mchoraji hutandaza kwanza uga, yaani rangi ya nyuma ya picha, akasubiri. Akapaka kiwiliwili, akasubiri tena. Mwisho ndipo anaposhika brashi nyembamba na kudondoshea madoa ya chui, moja baada ya jingine, kila doa likiwa na ukingo mkali. Hakuna kivuli wala mbali na karibu. Wataalamu waliozoea sanaa ya Ulaya waliona hapo ukosefu wa shule. Ingefaa waitazame hadibodi yenyewe kwanza.

Mwaka 1972 Tingatinga alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa. Alikuwa amechora kwa takriban miaka 4 tu. Kazi ingeweza kuishia hapo, ila alikwisha kuwafundisha vijana wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao: Ajaba Abdallah Mtalia, Adeusi Mandu, January Linda, Casper Tedo, Simon Mpata. Hao nao wakafundisha wengine kwa njia ile ile ya gereji na ya useremala: mwanafunzi anaanza kwa kupaka uga wa picha za mwalimu, halafu anaruhusiwa kujaza rangi, na siku moja anachora mnyama wake. Mwaka 1990 wachoraji walisajili chama chao cha ushirika, chenye makao palepale karibu na Morogoro Stores.

Kufikia wakati huo watalii walikuwa wameongezeka, na hadibodi haikunjiki ndani ya sanduku la safari. Wachoraji wakahamia kitambaa cha pamba, ambacho huviringishwa kama mkeka. Mabadiliko hayo yalionekana mara moja. Mnyama mmoja akawa kundi zima, uga ukajaa maua na ndege, na picha za maisha ya kijiji, hospitali na mashetani zikapata nafasi. Mohamed Wasia Charinda alisifika kwa picha za visa vya namna hiyo. Mwaka 2010 mtindo huu uliingia hata katika filamu za katuni za watoto, *Tinga Tinga Tales*, zilizotengenezwa Nairobi.

Hadibodi haikuachwa kabisa. Katikati ya jiji, Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii kilichoanzishwa mwaka 1972, ilimlea George Lilanga, Mmakonde aliyekuwa mchonga vinyago kabla ya kuanza kuchora, pia juu ya hadibodi. Mashetani wake wenye masikio makubwa na matumbo ya duara, waliozungushiwa mistari myeusi, walionyeshwa Washington mwaka 1978.

Kariakoo kwenyewe rangi ya mafuta iliendelea na kazi za kila siku. Mafundi mabango waliitumia kuchora mitindo ya nywele kwenye vibao vya vinyozi, kuku na sahani ya chipsi mlangoni mwa migahawa, na jina la duka juu ya mbao au bati. Wengi walilipwa kwa kazi na hawakutia sahihi. Kisha zikaja kampuni za soda na za simu zilizopaka nyumba nzima kwa rangi zao, na baada yake mashine za kuchapa mabango ya plastiki, ambayo huwa tayari siku hiyohiyo. Fundi mabango bado huitwa kwenye kuta za shule, kwenye vibanda na kwenye mikokoteni, ambako plastiki huchanika upesi.